Land Rover ya marehemu baba inaliwa na kutu: nimsikilize fundi yupi?

"Shikamoo fundi. Marehemu baba ametuachia Land Rover 109 Series III ya mwaka 1976. Aliinunua kutoka shamba la mkonge alikofanya kazi, na namba ya shamba bado inaonekana kwa mbali mlangoni. Imekaa miaka 6 chini ya mwembe hapa Pangani, hatua chache kutoka mdomo wa mto. Pale ninapokanyaga klachi pana tundu linaloingia ngumi. Boriti ya nyuma ya chesisi inamenyeka kama kitunguu. Chini ya milango rangi imevimba, na nikiichokoa unatoka unga mweupe, wakati siku zote nimeambiwa bodi ya Land Rover ni alumini, haishiki kutu. Fundi mmoja anasema ni kazi ya wiki moja: msasa, pati, rangi, gari mpya. Wa pili anataka kuipiga mchanga kwa kompresa, na mchanga ataagiza ufukweni. Baba mdogo anasema tupake oili chafu chini kama mzee alivyofanya kila mwaka. Mtandaoni nimeona dawa inayogeuza kutu kuwa nyeusi, unapaka tu. Fedha si nyingi lakini sitaki kuiuza. Nimfuate nani?"

Marahaba, na pole kwa kuondokewa na mzee. Nimesoma barua yako mara mbili. Unaniuliza umfuate nani kati ya watu wanne. Watatu wana kipande cha ukweli mkononi. Wa kuogopwa zaidi ni yule wa mchanga wa ufukweni, na nitakueleza kwa nini. Lakini kabla hatujafika huko, niruhusu niligeuze swali lako kidogo. Mafundi wote wawili wamekuzungumzia ngozi ya gari, na hilo tundu la klachi pamoja na boriti inayomenyeka ni habari ya mifupa. Land Rover hubebwa na chesisi. Rangi ikiwa mbaya gari linatembea. Chesisi ikikatika barabarani watu wanaumia. Fedha zako chache ziende chini kwanza, na rangi ije mwisho kabisa, hata kama itasubiri mwaka.

Sasa tuielewe kutu yenyewe, maana ukiielewa hutahitaji mtu wa kukuamulia. Chuma hupata kutu pale kinapokutana na maji na hewa kwa pamoja. Kikikosa kimoja kati ya hivyo viwili, kutu husimama. Kazi yote ya kuhifadhi gari la zamani, ukiondoa mapambo, ni kuzuia maji yasikae juu ya chuma. Angalia neno hilo: yasikae. Mvua ikinyesha kisha jua likakausha, hasara ni ndogo. Maji yaliyojificha ndani ya boriti, chini ya tope au nyuma ya pati, ndiyo yanayokula.

Huko kwenu Pangani kuna kitu cha tatu, nacho ni chumvi. Nenda jikoni ukaangalie kopo la chumvi. Msimu wa mvua chumvi inalowa yenyewe bila mtu kuimwagia tone, ndiyo maana wengine huweka punje za mchele ndani yake. Unyevu wa hewa ukifika karibu asilimia 75, chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani mpaka igeuke kimiminika. Pwani, usiku mwingi wa mwaka hewa inavuka kiwango hicho. Chumvi hiyohiyo, ikiletwa na upepo wa bahari, imekaa juu ya chesisi yenu kwa miaka 6. Kwa hiyo hata usiku usio na mvua gari limelala limelowa, na maji ya chumvi huongeza kasi ya kutu kwa sababu yanapitisha vizuri ule umeme mdogo ambao kutu huendeshwa nao. Land Rover ya umri huohuo iliyokaa Dodoma utaikuta na vumbi tu.

Na kutu ikishaanza haifanyi kazi ya kuikinga ngozi ya chini. Chuma kikigeuka kutu hutanuka, kinachukua nafasi mara mbili na zaidi ya ile ya mwanzo. Ndiyo maana boriti yako inamenyeka kwa matabaka: kila tabaka limesukuma la juu yake likaachana nalo, na katikati ya matabaka kuna nafasi kama sifongo inayoshika maji na chumvi. Ukipaka rangi juu ya sifongo hiyo umeifungia maji ndani. Rangi itapendeza hadi masika yajayo.

Kuhusu alumini, hujadanganywa, ila hukuambiwa nusu ya pili. Land Rover ya kwanza ilipotoka mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, wakatengeneza bodi kwa Birmabright, aina ya alumini iliyochanganywa na magnesi. Mtindo huo ukaendelea mpaka Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Lakini chesisi ni chuma, fayawoli, yaani ule ukuta kati ya injini na viti unaobeba kioo na bawaba za milango, ni chuma, na ndani ya milango yako, nyuma ya lile bati la alumini, kuna fremu ya chuma. Tundu la klachi unaloniambia liko kwenye fayawoli.

Unga mweupe nao ni kutu, ila ni ya alumini. Chukua metali mbili tofauti, ziguse, kisha zilowanishe kwa maji ya chumvi: umetengeneza betri. Katika betri hiyo alumini ndiyo inayoliwa ili chuma kipone. Maji huingia mlangoni kupitia njia ya kioo, hutulia chini pale bati lilipokunjwa kuukumbatia mfereji wa fremu, na hapo betri inafanya kazi usiku na mchana. Bahati nzuri ni kazi ya polepole. Vimba hiyo chini ya milango ni tatizo la kweli, lakini halina dharura. Tuiache kwanza.

Nirudi kwa washauri wako. Wa pati nimjibu kwa ukali kidogo, kwa sababu nimeshafungua kazi za namna yake nyingi mno. Pati si dawa ya kutu, na wala si kitu kibaya. Kazi yake ni kusawazisha bonde dogo juu ya bati zima lililosafishwa na kupakwa praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza ya kukinga chuma, na unene wake usizidi milimita 3. Ikiwekwa juu ya tundu, upande wa pili umebaki wazi. Pati ina unga wa talki ndani yake, inakunywa maji kama chaki, na maji hayo inayakabidhi kwa chuma kinachoizunguka. Wakati mmoja mteja aliniletea pikapu iliyokuwa imetoka kupakwa rangi miezi 8 tu iliyopita. Nilipogonga chini ya mlango, kipande cha pati kikubwa kama sahani kilianguka sakafuni. Nyuma yake kulikuwa na gazeti lililokunjwa kuzibia tundu, bado limelowa, na ukingo wa bati ulikuwa mwembamba kama karatasi. Yule bwana alikuwa amelipa bei ya kazi kamili. Kwa tundu la klachi pati hairuhusiwi hata kidogo. Mguu wako uko pale.

Yule wa mchanga, wazo lake lina msingi. Kupiga mchanga kwa shinikizo ndiyo njia inayosafisha chuma vizuri kuliko msasa na brashi zote, kwa sababu inaingia kwenye vishimo. Lakini mchanga wa ufukweni una chumvi. Atakuwa anapigilia ndani ya chuma adui yuleyule tunayemfukuza, kwa kasi ya kompresa. Tena vumbi la mchanga wa kawaida, wa bahari au wa mto, likivutwa linaharibu mapafu moja kwa moja. Ugonjwa huo hauna tiba, na wanaopata si wenye kupiga tu, hata watoto wa nyumba ya jirani. Kama utapiga, iwe kwenye karakana inayopiga kwa chembe za mawe maalumu yaliyosagwa, na mtu aliyevaa kofia inayoletewa hewa safi, na apige chesisi pekee. Bati la alumini asiliguse kabisa. Litajikunja kama chapati kwenye chuma cha moto, na hakuna anayeweza kulinyoosha likarudi lilivyokuwa.

Baba mdogo usimcheke. Lala chini ya gari utazame chesisi chini ya injini na giaboksi. Nadhani utakuta pale ambapo oili imekuwa ikivuja miaka yote, chuma kiko safi kabisa chini ya ule uchafu mweusi. Mafuta yanafukuza maji, na mzee alijua anachofanya. Bila yeye labda leo usingekuwa na chesisi ya kuniulizia. Shida ni kwamba oili chafu ina asidi iliyotoka kwenye injini, inalainisha bushi za mpira, inadondoka ardhini mnapochota maji, na ikishaingia kwenye matabaka ya kutu, fundi wa kuchomelea atapata moshi na moto badala ya mshono. Wazo lake tutalitumia, tena mwishoni, kwa kitu bora kuliko oili chafu.

Hiyo dawa nyeusi ni ya kweli pia. Kwa kawaida ina asidi ya taniki au ya fosfori, ambayo huungana na kutu ikawa ngozi nyeusi iliyotulia. Inafanya kazi pale kutu ilipo nyembamba na imeshikamana na chuma, yaani umeshasugua mpaka hakuna kinachobanduka. Juu ya matabaka yanayomenyeka inageuza la juu tu. Nunua kopo dogo kwa ajili ya pembe ambazo brashi haifiki. Usitegemee iokoe boriti.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya kumlipa mtu yeyote, lipime gari mwenyewe. Litoe chini ya mwembe, lioshe chini kwa maji baridi ya bomba au ya mvua. Kisima chenu kikiwa na maji ya chumvichumvi usikitumie. Likikauka, chukua nyundo ndogo na bisibisi nene, kaa chini, uanze mbele kwenda nyuma ukigonga chesisi kila baada ya upana wa kiganja. Chuma kizima kinalia, mlio mkali unaorudisha nyundo. Ukifika penye ugonjwa, mlio unakufa. Unasikia kishindo kama umegonga mbao iliyooza, na chembechembe zinamwagika ndani ya boriti kama mchanga kwenye kibuyu. Hapo sukuma bisibisi. Ikizama, zungushia chaki. Usione huruma, bora ijulikane leo. Piga picha kila alama.

Chesisi ya Series ni sanduku la mabati manne yenye unene wa karibu milimita 2 yaliyochomelewa kwenye kingo, na huoza kutoka ndani kwenda nje, hivyo uzuri wa nje usikudanganye. Maeneo ya kuangalia sana ni boriti ya nyuma, sehemu ya chini ya chesisi inapopanda kupita ekseli ya nyuma, mikono inayotokeza pembeni kubeba fayawoli na bodi, na mahali springi zinaposhikwa. Kwenye fayawoli, tazama pembe za juu chini ya vile vifuniko vya hewa, na miguu ya nguzo za milango. Fungua mlango, ushike kwa mikono miwili uunyanyue. Nguzo ikicheza pamoja na mlango, imeoza chini.

Hesabu alama zako za chaki. Zikiwa kwenye boriti ya nyuma, mikono miwili mitatu na fayawoli, hilo ni gari la kutengenezwa, na linaweza kufanywa kwa awamu. Zikiwa zimetapakaa kwenye zile boriti mbili ndefu, hasa karibu na springi, nakushauri usiweke viraka. Kiraka juu ya chuma chembamba huhamishia mzigo kwa jirani yake, na mwaka unaofuata anakatika jirani. Hapo fikiria chesisi nzima. Kuna chesisi mpya zinazotengenezwa Uingereza zikiwa zimechovywa zinki, nzuri sana, lakini usafiri na ushuru vitakuumiza. Njia nyingine ni kutafuta chesisi nzima ya gari lililokufa bara, ambako hewa ni kavu, uisafishe na kuitengeneza, kisha uipeleke ikachovywe kwenye kiwanda kinachochovya vyuma vya ujenzi. Zinki huyeyushwa hadi nyuzi kama 450, na inaingia ndani ya sanduku ambako brashi haitafika milele. Lakini lazima yatobolewe matundu ya kutosha ya kupitisha hewa na zinki. Sanduku lililofungwa likizamishwa kwenye moto ule hupasuka kama bomu. Ongea na kiwanda kabla ya kutoboa.

Na hapa nakusihi kwa jambo moja. Namba ya chesisi imegongwa upande wa kulia mbele, pale springi inaposhikwa. Usimruhusu mtu aipitishie grainda, wala aizibe kwa rangi nene. Ndiyo iliyo kwenye kadi ya gari. Ikibidi kubadilisha chesisi, nenda kwanza ofisi ya usajili mkiwa na karatasi za mirathi, uulize utaratibu, ndipo mguse chuma. Nimeona familia ikikaa na gari zuri isiloweza kulisajili.

Tuseme gari lako ni la kundi la kwanza, na kwa maelezo yako nadhani hivyo. Anza na fayawoli na mikono yake, gari likiwa limesimama kwenye stendi imara sehemu tambarare, milango ikiwa imefungwa mahali pake. Milango ndiyo rula yako: nafasi kati ya mlango na nguzo ikibadilika wakati wa kuchomelea, fayawoli imehama. Tangi la petroli lililo chini ya kiti litolewe na lipelekwe mbali, hata likiwa tupu, kwa sababu tangi tupu lina mvuke na mvuke ndio unaolipuka. Betri itolewe. Mabomba ya breki yaliyo karibu yahamishwe, na kama yameota kutu yabadilishwe siku hiyohiyo.

Fundi akate chuma mpaka afike kwenye chuma king'aacho pande zote, si mpaka tundu liwe na umbo zuri. Kiraka kilingane unene na kilichokatwa, pembe zake ziwe za mviringo, na kikae sawa na bati badala ya kulala juu yake. Kiraka kilicholazwa juu ya kutu ni mfuko wa maji. Kwa fayawoli, ambayo ni nyembamba, nataka mashine ya waya na gesi. Fimbo za kawaida za kuchomelea mageti zitatoboa tu. Kwenye chesisi fundi mzuri anaweza kuzitumia. Achomelee vipande vifupi kwa kurukaruka, aache pakipoa. Akitumia bati la zinki, aisage zinki kandokando ya mshono na akae upande upepo unakotoka, maana moshi wake unaleta homa ya kutetemeka usiku.

Baada ya kuchomelea kuna hatua ambayo karibu kila mtu anairuka, na kwa watu wa pwani ndiyo hatua kubwa kuliko zote. Chuma ukishakisugua kikawa cha kijivu, kitazame kwa karibu kwenye mwanga wa ubavuni. Utaona vishimo vyeusi kama vya ncha ya sindano. Mle ndani kuna chumvi ambayo brashi haikuifikia. Kioshe kwa maji ya moto na sabuni, sugua, suuza kwa maji safi mengi, kausha haraka kwa kitambaa na upepo wa kompresa. Kisha kiache usiku mmoja bila kupaka kitu. Asubuhi rudi na taa. Kama vidoa vya kahawia vimechipuka palepale penye vishimo, chumvi bado ipo: sugua, osha, subiri tena. Mara ya tatu au ya nne utakuta vidoa havipo, au pamebaki ukungu mwepesi wa kahawia uliotandaa sawasawa, ambao unauondoa kwa msasa. Siku hiyo, kabla jua halijatua, pakaa praima ya epoksi. Mimi huipaka kwa brashi kwenye chesisi, leya mbili, nikiisukuma ndani ya vishimo na kwenye mishono. Vaa glavu, kwani hadina yake, ile sehemu inayochanganywa ili igande, inaweza kukutoa upele usioisha.

Wakati wake ni Januari na Februari, kaskazi ikivuma na kabla ya masika. Paka kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, chuma kikiwa na joto kuliko hewa. Ukipaka jioni, chuma kinapoa, umande unatua juu yake bila wewe kuuona, na rangi inakauka ikiwa imelalia maji. Nilipoteza boneti nzima kwa namna hiyo nikiwa kijana, nikalazimika kuimenya yote.

Milango ifanye mwisho wa orodha. Fungua ukingo wa chini ulipokunjwa, ondoa unga mweupe kwa brashi ya nailoni au msasa. Usitumie brashi ya waya ya chuma kwenye alumini, inaacha chembe za chuma ndani yake na umepanda mbegu ya tatizo. Alumini iliyosuguliwa hujifunika ngozi yake upya ndani ya muda mfupi, kwa hiyo praima ipakwe saa hizohizo. Fremu ya chuma itibiwe peke yake, ipakwe rangi, kisha katikati ya fremu na bati weka utepe au gundi ya kuzibia ili metali hizo mbili zisigusane tena. Bolti nazo zivalishwe washa za plastiki na grisi. Halafu hakikisha matundu ya kutolea maji chini ya mlango yako wazi. Mara nyingi nimeyakuta yamezibwa na rangi ya fundi aliyetangulia.

Rangi ya mwisho, usihangaike na ile ya 2K, inayochanganywa na hadina, ya kupuliza yenye kung'aa kama kioo. Hadina yake ina isosayaneti, kemikali inayoweza kumpa mtu pumu ya kudumu, na barakoa ya kitambaa au ya vumbi haiizuii. Hupulizwa na mtu anayeletewa hewa kwa bomba, ndani ya chumba chake. Rangi ya enameli iliyopakwa kwa roli laini na brashi nzuri, leya nyembamba tatu, msasa wa maji katikati, inaipendeza Land Rover kuliko mng'ao wa gari la harusi. Na ule mlango wenye namba ya shamba, naomba usiupake. Tengeneza ukingo wa chini tu, upande wa ndani, kisha uso wake uoshe na upake nta safi. Alumini haiogopi kukaa na rangi iliyochakaa. Namba ile iliandikwa wakati mzee akiwa kazini, na hakuna fundi atakayeirudisha.

Hapo ndipo tunarudi kwa baba mdogo. Kazi yote ikikauka, pulizia nta ya kuhifadhia ndani ya chesisi, fayawoli na milango, kwa mrija mrefu unaoingia matundu yaliyopo. Kama haipatikani, pasha nta pamoja na oili mpya ya giaboksi ndani ya sufuria iliyokaa kwenye maji ya moto, kamwe usiiweke juu ya moto wenyewe, na uimimine ikiwa nyepesi. Weka mbali na breki na bushi. Rudia kila mwaka kabla ya masika, kama mzee alivyozoea. Gari lisirudi chini ya mwembe: majani yanaziba mifereji, na udongo uliolowa unatoa mvuke usiku kucha. Banda la makuti lenye sakafu ya kokoto na upepo kupita pande zote linatosha. Turubai lililobana ni baya kuliko jua.

Kuna mambo ambayo sitaki uyaamue kwa kusoma maneno yangu. Ukiona ufa popote karibu na springi, ukikuta boriti ya mbele inayoshika mkono wa usukani imeoza, au ukipima kwa kamba kutoka pembe hadi pembe za chesisi na vipimo viwili vya mshazari vikatofautiana, usiliendeshe gari hata hadi sokoni. Lipakie kwenye lori lifike Tanga mjini kwa fundi wa chesisi mwenye sehemu ya kupimia, au mlete yeye Pangani kwa siku moja umlipe kwa kutazama tu. Muulize kazi aliyomaliza miaka mitatu iliyopita iko wapi, uende ukaione. Kazi ya mwezi uliopita haikuambii kitu.

Kwa wiki hii huhitaji fedha, ila nyundo, bisibisi, chaki na asubuhi moja. Picha zikiwa tayari, niandikie tena uniambie alama ni ngapi na ziko wapi, hasa za nyuma ya ekseli. Kama kwenye picha hakuna chaki kwenye zile boriti mbili ndefu karibu na springi, mwambie fundi wa waya na gesi aanze na fayawoli.